Nimemaliza Diya Aur Baati Hum, na Suraj ndo steringi wangu

Jamani seriali za Kihindi nimeangalia nyingi, na najua mtanipinga, ila steringi aliyenikaa moyoni ni Suraj wa Diya Aur Baati Hum, muuza vitamutamu wa Pushkar kule Rajasthan. Ilirushwa kwenye kituo cha TV cha India, Star Plus, 2011 mpaka 2016, Suraj kachezwa na Anas Rashid, mkewe Sandhya ni Deepika Singh.

Kisa kiko hivi, Sandhya ni msomi anataka kuwa afisa wa polisi, wazazi wake wanakufa kwenye mlipuko wa bomu, kaka yake anamuozesha haraka haraka kwa Suraj ambaye shule hakufika mbali, tena elimu ya bi harusi inafichwa kwa sababu mama yake Suraj, wanamwita Bhabho, hataki mkamwana aliyemzidi mwanawe kusoma. Siri ikafichuka. Jamaa anaumia, ananuna, na hapo nilimuelewa maana nani asingeumia, ila hakumgeuza mkewe adui, na alipokuja kujua ndoto yake akasimama naye. Sasa utamu uko hapa, anayepinga ni mama yake mzazi ambaye anampenda kufa, na Suraj hamtukani mama, hahami nyumba, yupo pale pale anabembeleza huku na huku, Meenakshi mke wa mdogo wake naye anachochea moto pembeni, mpaka unamuonea huruma yaani. Kupigana na majambazi kila steringi anaweza, ila kumwambia mama yako "hapana" bila kumvunjia heshima, hiyo wangapi wanaiweza?

Halafu hajioni mdogo. Yuko dukani na masharubu yake, kurta, lile shati refu la Kihindi, imepata mafuta, mbele ya karai la vitamutamu vya jalebi, mke anafukuzia vyeo vikubwa na yeye roho kwatu.

Sasa linganisha na Arnav wa Iss Pyaar Ko Kya Naam Doon. Dada zangu mnamuabudu, na kweli Barun Sobti ana macho, sikatai, ila jamaa anamdharau msichana Khushi kwa umaskini wake, anamvutavuta mkono, mwishowe anamlazimisha ndoa ya miezi sita kwa vitisho, halafu upepo unavuma muziki unapigwa tunaambiwa hayo ni mapenzi. Mwanao akiletewa mume wa hivyo utakubali? Anayemkaribia Suraj kwangu ni Anuj Kapadia wa Anupamaa, aliyeingia 2021, kampenda mwanamke miaka 26 tangu chuo na bado hamlazimishi kitu, ila Anuj ana hela bwana, na hela inarahisisha upole.

Mabaya yapo. Vipindi ni zaidi ya 1,400, na Sandhya akishakuwa polisi waandishi wanajaza magaidi na vitimbi mpaka Suraj wa watu anabaki kushangaa tu pembeni, ule ugomvi mtamu wa jikoni na sebuleni unapotea. Kama una kazi zako angalia mpaka Sandhya amalize mafunzo ya upolisi, ukiachia hapo hujapunjwa.

Nampa 8 kwa 10. Hizo mbili nimekata kwa ajili ya kurudia sura ya Bhabho mara tatu na radi juu, kisa kaona daftari.