Kitabu cha hadithi cha mtoto: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Kabatini kwangu kuna seti ya vitabu vinane vya Kiingereza, vya jalada gumu, vimejaa dubu, theluji na majumba ya mawe. Niliinunua ofisini miaka tisa iliyopita kwa kijana mmoja mwenye tai aliyekuwa akipita meza kwa meza. "Dada, huu ni urithi wa mtoto," aliniambia, nami nikaulipia urithi huo kwa awamu tatu. Kitabu cha kwanza kimesomwa mara mbili, cha pili kiliishia nusu, na sita vilivyobaki bado vinanukia kiwandani. Pembeni yake kuna kijitabu cha kurasa 24, hadithi ya sungura na kisima, ambacho kimesomwa hadi jalada likang'oka, likabandikwa kwa selotepu, likang'oka tena.

Tangu hapo naipima bei kwa namna nyingine. Nachukua pesa niliyotoa naigawa kwa mara ambazo kitabu kimefunguliwa. Ukipiga hesabu hiyo, vitabu vingi vya bei rahisi hugeuka kuwa ghali, na vichache vya bei kubwa hujilipa. Orodha hii nimeipanga hivyo: inaanza na kile ambacho ningekinunua leo kama ningekuwa na shilingi elfu hamsini za Tanzania tu. Nawazungumzia zaidi watoto wa darasa la awali hadi la nne. Wakubwa nitawafikia.

Nafasi ya kwanza: vijitabu vyembamba vya Kiswahili vilivyochapishwa huku kwetu

Ni vile vya kurasa 16, 24 au 32, vilivyokunjwa katikati na kupigwa pini mbili. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo ukihesabu kurasa moja moja ukapata 22, ujue kuna nusu ya karatasi imechanika, rudisha. Tanzania utavikuta kwa wachapishaji kama Mkuki na Nyota, E&D Vision na Readit; Kenya kwa Longhorn, EAEP, Storymoja na wengineo. Vingi vya Tanzania vilipata nguvu kutokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ambao ulikuwa ukinunua nakala kwa wachapishaji na kuzipeleka shule za msingi. Bila mnunuzi wa uhakika, mchapishaji gani angethubutu kuchapa hadithi ya mtoto kwa Kiswahili?

Usimwachie muuzaji akuchagulie. Chukua kijitabu, fungua katikati, angalia urefu wa maneno. Kiswahili kina neema yake: mtoto akishazishika silabi, hakuna neno la kumshinda kulitamka, maana hatuna herufi bubu. Shida yetu ni urefu. Neno "hawakutuandalia" ni moja tu machoni, lakini lina silabi nane, na mtoto wa darasa la kwanza akifika kwenye "lia" ameshasahau kama mwanzoni kulikuwa na "hawa" au "tuta". Anayejifunza anahitaji ukurasa wa "Bata ana njaa. Bata aona samaki." Akishazoea, ndipo vitenzi virefu vimjie kidogo kidogo.

Wanaokosea zaidi hapa ni watafsiri. Sentensi fupi ya lugha nyingine inageuzwa kuwa "Walikuwa wakikimbizana wakizungukazunguka", na nyuma ya jalada bado kumeandikwa "ngazi ya kwanza". Mimi huiamini ile sentensi ya katikati kuliko namba ya ngazi. Wachapishaji hawana kipimo kimoja. Ngazi ya pili ya huyu ni ya nne ya yule.

Kama mtoto yupo nawe, mpe asome ukurasa mmoja kwa sauti. Walimu wengi hutumia vidole: kila neno gumu, kidole kimoja juu, vikifika vitano katika ukurasa mmoja, kitabu bado ni kizito. Kwa Kiswahili nakirekebisha kipimo hiki kidogo. Nahesabu maneno asiyoyaelewa, siyo yale yanayomkwamisha kuyatamka, kwa sababu mtoto wetu anaweza kuutiririsha ukurasa mzima kama kasuku na asijue fisi alifanya nini. Akimaliza nafunga kitabu, namwambia, "Haya, nisimulie." Akisimulia, nalipa.

Angalia pia kama ni nakala halali. Vitabu vya wizi vimejaa, na vya watoto huumia zaidi kwa sababu ya picha: rangi zimehama nje ya mistari, nyuso zina ukungu, maandishi ya pembeni yameliwa na kisu. Tazama nyuma namba ya ISBN, ile ya utambulisho wa kitabu. Baada ya 978, vitabu vingi vya Tanzania hufuatwa na 9976 au 9987, vingi vya Kenya 9966, vingi vya Uganda 9970. Kukosa namba peke yake si ushahidi wa wizi, ila namba ikikosekana na picha zikawa na ukungu, kirudishe mezani. Mwandishi wake anaishi kwa mrabaha ambao hata ukilipwa wote haumtoshi.

Sasa idadi. Nunua sita tofauti kwa mkupuo, usinunue kimoja "tuone kwanza". Mtoto hachagui kitabu kilicho peke yake. Anakikubali au anakikataa, basi. Viwili kati ya sita atavipenda hadi vichakae, viwili atavisoma akilazimika, viwili utampa mtoto wa jirani. Dar, pa kuanzia ni duka la vitabu la TPH pale Mtaa wa Samora. Msimu wa Sabasaba, wachapishaji wakiweka mabanda yao, nenda siku za mwisho wakati hawataki kurudi na maboksi. Walioko Nairobi wana maonyesho ya kimataifa ya vitabu kila Septemba pale Sarit, ambapo unaweza kuongea bei na mchapishaji mwenyewe. Huko kila punguzo lina maana, maana tangu sheria ya 2013 vitabu vimebeba VAT ya asilimia 16.

Nafasi ya pili: kadi ya maktaba

Najua watu wataniuliza kwa nini isiwe ya kwanza. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoa mingi ina maktaba yake chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ada ni ndogo. Nairobi, maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa kwa kazi ya shirika la Book Bunk, na ukimpeleka mtoto hawezi kuamini kwamba pale pazuri vile ni pa watu wote. Garissa kumekuwa na vitabu vinavyobebwa na ngamia tangu 1996, kwa hiyo anayesema maktaba iko mbali na watu ajue wapo waliomfuata msomaji porini.

Nimeiweka ya pili kwa sababu kitabu cha maktaba kina tarehe ya kurudi. Hakiwezi kusomwa mara ishirini, hakichorwi masharubu, na mdogo wake hawezi kukitafuna pembe. Msomaji mdogo anahitaji vichache vya kuharibu. Ila kadi inakuokolea pesa kwa njia nyingine: unaonja kabla ya kununua. Azima vitatu. Kile ambacho siku ya kurudisha kinatafutwa nyumba nzima na kukutwa chini ya mto, hicho ndicho cha kwenda kununua.

Kabla hujalipia, ingia kwanza utazame rafu. Kuna maktaba niliyojiandikisha zamani ambako sehemu ya watoto ilikuwa na viti vizuri sana na vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha futwa. Uliza pia kama Jumamosi wanafungua, maana mtoto wa shule na mzazi wa kazini hawana siku nyingine.

Nafasi ya tatu: hadithi za bure, ukaziprinti stesheneri

Hii wengi hawaijui. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapa, hata kuzibadilisha bila kumlipa mtu. StoryWeaver ya Pratham Books, India, ni hivyohivyo. Zipo nzuri na zipo za hovyo, kwa sababu wanaozitafsiri ni wa kila aina. Zisome mwenyewe kwanza. Nimekutana na moja ambayo mbwa alikuwa "hii mbwa" kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Gharama iko kwenye wino. Usichape kwa rangi, bei ya rangi stesheneri itakufikisha kwenye bei ya kitabu halisi. Chapa nyeusi na nyeupe, mtindo wa kijitabu, karatasi ikunjwe katikati, wapige pini kwa stepla ndefu. Kisha mpe mtoto penseli za rangi. Kitabu alichokipaka rangi mwenyewe hakiachi, na jina lake utaliandika juu kama mchoraji.

Nafasi ya nne: mtumba

Vitabu vya mtumba vingi ni vya Kiingereza, vingine bado vina mihuri ya maktaba za Uingereza na Marekani. Kwa mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza vinafaa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu vinafaa hata zaidi, kwa sababu vile vya kurasa ngumu za kadibodi ni nadra kuchapishwa hapa na vipya vyake vina bei ya kutisha. Tazama ukurasa wa mwisho kama upo, nusa kama kuna unyevu, na kagua kwenye mgongo, mende hutaga humo. Na mgeni wa Dar asichanganyikiwe akisikia "buku buku": hiyo ni bei, elfu elfu, si tangazo la vitabu.

Nafasi ya tano nimempa yule kijana wa tai na seti yake, kwa heshima ya pesa zangu. Ukiletewa seti, omba ununue kimoja tu. Akikataa, ameshakujibu.

Tableti ya watoto sijaipa nafasi. Si kwamba hadithi hazimo. Zimo, na Kiswahili kimo. Lakini kwenye kifaa chenye michezo, hadithi hukaa kama mboga ya majani kwenye sinia la pilau. Kama simu ipo tayari nyumbani, pakua hadithi mkiwa na bando, zima data, msome pamoja.

Na huyu wa miaka 13?

Hapa soko letu lina shimo, na pesa haitalifukia. Tanzania mtoto wa shule ya kayumba, yaani ya serikali, anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kila somo. Mchapishaji anayetaka kuuza anafuata orodha ya shule: hadithi za wadogo upande huu, riwaya na tamthiliya za mtihani upande ule. Katikati, pale mtoto anapotaka mapenzi ya kwanza, mizimu, mpira na ujambazi, rafu iko tupu.

Kosa la wazazi wengi ni kuziba shimo hilo kwa kitabu cha fasihi cha shule, "maana atakihitaji". Kijana akishajua kwamba ataulizwa dhamira, wahusika na ujumbe, hicho si kitabu cha starehe tena. Nunua kisichokuwa kwenye orodha. Au usinunue kabisa: mpe pesa taslimu, mwingie dukani pamoja, wewe ukae mlangoni. Atatoka na kitu ambacho usingekichagua, pengine cha katuni, na atakimaliza. Riwaya za kipelelezi za miaka ya 1980, zile tulizokuwa tukizificha ndani ya daftari la Jiografia, bado zinapatikana kwenye mtumba. Zipitie kwanza wewe, maana tulipokuwa tunazisoma hatukuwaambia wazazi kilichomo. Jarida la Fema, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likigawiwa bure shule za sekondari, nalo huzunguka mikononi mwao kuliko kitabu chochote nilichowahi kumnunulia mpwa wangu.

Ukishanunua

Kwa walioko Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: pini za vijitabu huota kutu. Hewa ya chumvi ikishazila, kutu inatafuna karatasi, na kurasa za katikati ndizo huanza kudondoka. Siku ileile ya kununua, zing'oe taratibu kwa ncha ya kisu, chukua sindano na uzi wa nguo wa mikunjo miwili, pitisha mishono mitatu kwenye mkunjo na ufunge fundo kwa nje. Ni kazi ya dakika tano. Kile cha sungura na kisima nilikishona baada ya selotepu kushindwa, na sasa anakisoma mtoto wa pili.