Pampu ya kutolea maji ya mashine ya kufulia, nimeifunga mwenyewe

Wakuu kama mashine yako ya mlango wa mbele inafua fresh ila ikifika kumwaga maji inanguruma tu na nguo zinabaki zinaogelea, usikimbilie fundi, angalia pampu ya chini kwanza. Yangu nimebadilisha hapa hapa home, pampu nimechukua Kariakoo, ile ya wati 30, naipa nyota nne kati ya tano.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Chomoa umeme (hii haina mjadala), fungua filta pale chini maji yaishe, beseni na tambara viwe karibu maana sakafu italowa tu hata ufanyeje. Ndani kuna skrubu, waya mbili za kuchomoa, klipu za hozi, basi. Ya zamani nilivyozungusha lile feni dogo la kusukuma maji kwa kidole likawa linazunguka bure kabisa, pampu isiyoharibika lazima uhisi sumaku inavuta, linaenda kwa kukwama kwama, likiteleza tu ujue limekatika kwenye shafti.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya mpira wake wa kuzuia maji, mgumu halafu mwembamba, nikahamishia ule wa zamani ndo kuvuja kukaisha. Ila kelele imepungua sana aisee.

Muuzaji atakwambia "zote sawa tu bosi", sio kweli, midomo ya hozi inatofautiana, nenda na ya zamani mkononi mlinganishe hapo hapo kaunta kabla hujatoa hela.