Kununua ESC ndogo ya mbio za magari ya rimoti: uliza BEC kabla ya ampea

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni yale yale. Gari la 1/10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) linaondoka vizuri, linapiga mizunguko kadhaa, kisha katikati ya kona usukani unakufa na gari linakwenda kugonga ubao. Likiokotwa, kila kitu kinafanya kazi. Mwenye gari analaumu rimoti, ananunua risiva mpya (kipokezi cha amri za rimoti ndani ya gari), anabadilisha sevo (kimota kinachogeuza usukani), na Jumapili inayofuata linagonga tena. Mara nyingi mkosaji ni ESC, kile kisanduku kinachodhibiti kasi ya mota, tena ile sehemu yake ambayo hakuna anayeiulizia dukani: BEC.

Kwa hiyo leo sipimi uzito wala ukubwa. Na zile ampea zilizoandikwa kwa herufi nene juu ya boksi mtazilinganisha wenyewe.

BEC ndiyo inayoshusha umeme wa betri na kulisha risiva, sevo, mara nyingi feni, na kile kifaa cha kuhesabia mizunguko pia. Ziko za aina mbili. Ya kuswichi inakatakata umeme kwa kasi kubwa na kupoteza kidogo tu. Ya linia inageuza volti zote za ziada kuwa joto. Piga hesabu: betri ya 2S (seli mbili) iliyojaa ina volti 8.4, BEC inatoa 6, tofauti ni 2.4. Sevo kali ikivuta ampea 3 kwenye kona, hizo ni wati 7.2 za joto ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani, juu ya joto la kulisha mota. Kisanduku kikiwa kidogo, joto halina pa kwenda. BEC inajizima ili isiungue, risiva inalala, inapoa, inaamka. Ndiyo maana muuzaji akiipima mezani haoni kosa lolote.

Kipimo ni rahisi. Washa gari, shika magurudumu ya mbele kwa nguvu, halafu mwenzako ageuze usukani kushoto na kulia haraka haraka. Taa ya risiva ikizimika au kuanza kumeta, umeme hautoshi.

Sasa mpangilio wangu, na nasema wazi kwamba mimi ni wa Hobbywing, kampuni ya Kichina ya ESC; XeRun na QuicRun hapa chini ni zao.

Namba moja ni XeRun XR10 Pro. Volti za BEC unazipanga mwenyewe, hadi 7.4, na waya unalehemu wako moja kwa moja, kwa urefu unaoutaka. Ila soma lebo ya sevo kwanza: sevo ya zamani iliyoandikwa mwisho volti 6 ukiilisha 7.4 utaiunguza. Mipangilio unaifanya kwa simu ukinunua kile kidude chao cha Bluetooth, ambacho kinauzwa kando. Hilo linaniudhi. Bei hii yote, na bado kidude kando?

Namba mbili, XeRun XR10 Justock. Haiongezi taimingi hata kidogo, yaani haiwahishi umeme wa mota ili kuongeza kasi, kwa hiyo inafaa kabisa mbio za mota za 17.5T na 21.5T (T ni idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota) ambako sheria inadai hivyo. Kwa wengi wenu hii inatosha, bora tu muangalie ni toleo gani, maana BEC hubadilika kutoka toleo moja hadi lingine.

Tatu naiweka Tekin RSX ya Marekani. Ni nzuri, ina watu wake wanaoiapia, lakini ikiharibika ukiwa Nairobi utaisafirisha mbali kuitengeneza.

QuicRun 10BL60 ni ya anayeanza, mwenye sevo ya kawaida. Zile ESC za mota za brashi zisizo na jina, zilizoandikwa 320A? Ampea 320 kwa volti 7.4 ni zaidi ya wati 2,300, umeme wa birika la chai, upite kwenye waya zile! Tuendelee.

Kama ESC unayo tayari na BEC yake ni dhaifu, Castle, kampuni ya Marekani, wanauza BEC ya kando ya ampea 10. Ukiifunga, chomoa ule waya mwekundu wa ESC unaoingia kwenye risiva, ili BEC mbili zisipigane. Kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo) ya mikrofaradi 4700 kwenye nafasi tupu ya risiva husaidia umeme unapozama kwa nukta tu. BEC iliyoshindwa na joto haitaiponya.

Na wauzaji sasa. Picha ni ya toleo jipya, boksi linalofika ni la toleo la zamani, ukiuliza unaambiwa "ni ile ile tu". Wanaandika ampea za mota mara tatu kwenye tangazo, za BEC hawaandiki hata mara moja. Ukiagiza mwenyewe, hapa Kenya VAT ya 16% inapigwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja, yaani unalipia kodi hata ya ushuru. Wakijua hilo, wenye maduka wanapandisha bei watakavyo.

Kabla ya kutuma pesa mwandikie muuzaji: BEC ni volti ngapi, ampea ngapi mfululizo, ya linia au ya kuswichi, na nipigie picha ya lebo ya hiyo hiyo utakayonitumia. Akijibu "original 100% boss", tafuta mwingine.