Matembezi ya usiku Mji wa Kale: mtu-mbwamwitu alitoka wapi?

Kwa shilingi 1,500 unatembezwa kutoka mlango wa Fort Jesus hadi baraza moja nyuma ya Ndia Kuu, na kahawa tungu na kashata zimo ndani ya bei. Mada ya sasa ni mtu-mbwamwitu wa Ulaya. Nendeni, ingawa kuna kipande kimoja ningekitoa kabisa.

Kiongozi ni kijana mpole, wakubwa wote kwake ni "mzee wangu" na "mamangu". Alianzia pale ukutani. Ngome hii ilianza kujengwa 1593. Miaka 4 kabla yake, karibu na Cologne, Ujerumani, Peter Stumpp alitishwa kwa vyombo vya mateso akakiri kwamba shetani alimpa mshipi wa kumgeuza mbwa mwitu. Mshipi, akasema, kautupa bondeni. Wakaenda kuutafuta wasiuone, wakaamua shetani kauchukua mwenyewe! Tarehe 31 Oktoba 1589 wakamuua. Mzee mmoja kundini akaguna: "Sasa ushahidi u wapi?" Kijana hakumjibu haraka, akatuacha tulifikirie swali lile. Kisha akaleta kesi ya Bordeaux ya 1603, ya mvulana Jean Grenier, aliyejitangaza mwenyewe kuwa mbwa mwitu. Majaji wa huko walimwona ni mgonjwa wa akili, wakampeleka kwa watawa badala ya kumuua. Kesi hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zilinifundisha kuliko mambo mengine yote ya usiku ule.

Mimi ni muuguzi, na walioumwa na mbwa hupita mikononi mwangu, kwa hiyo sehemu ya kichaa cha mbwa niliisikiliza kwa masikio mawili. Aliieleza sawasawa: ugonjwa unapita kwa mate, mgonjwa anaogopa maji, anapagawa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa mwitu mwenye kichaa haogopi watu, anaweza kuingia kijijini na kuuma wengi kwa siku moja. Hofu ya namna hiyo inazaa hadithi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia Ulaya. Aliwaambia watu waoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali siku ileile wakachomwe sindano. Hilo ningependa lisemwe kila baraza mjini humu.

Kipande cha porfiria ndicho kilichonikera. Ni ugonjwa wa damu, adimu mno, ambao aina zake nyingine huifanya ngozi ichubuke juani. Alitueleza kana kwamba fumbo limekwisha. Lakini Stumpp hakushtakiwa kwa ngozi yake, na wagonjwa wa porfiria wamebebeshwa aibu isiyo yao. Hata nywele hazitoshi kueleza jambo hili. Petrus Gonsalvus, mzaliwa wa Tenerife, uso wake ulijaa nywele, na aliishi karne hiyohiyo ya kesi. Alilelewa katika jumba la mfalme wa Ufaransa, akaoa, akazaa. Walimkodolea macho maisha yake yote, lakini hawakumfunga kwa kuwa mbwa mwitu. Nilimwambia kijana haya baada ya kahawa, naye akayaandika.

Mnyama wa Gévaudan, aliyeua watu karibu 100 huko Ufaransa kati ya 1764 na 1767, alipita haraka, na akaunganishwa vizuri na Tsavo yetu. Mwaka 1898 wajenzi wa reli waliwindwa na simba wawili, na wapo walioamini kuwa ni mizimu. Mafuvu yao yako makumbusho ya Field, Chicago, na moja lina chonge lililovunjika, na mzizi wake ulikuwa na jipu. Simba mwenye maumivu ya namna hiyo atamwangushaje nyati?

Mnaanza baada ya Magharibi. Vaeni viatu visivyoteleza, vichochoro vina giza. Mateso yanasimuliwa waziwazi, kwa hiyo watoto wadogo waacheni nyumbani. Natoa nyota 4. Ya tano ninaiweka hadi porfiria irekebishwe.