Ilinipa alama 94, hifadhidata ikakwama siku ya mishahara

Huwa siandiki maoni ya bidhaa, lakini hii imeniuma na siwezi kuiacha ipite.

Tunaendesha mfumo wa SACCOS kadhaa hapa Dar. Seva, mtandao na hifadhidata vyote tumeviandika kwenye faili za Terraform (zana inayojenga mfumo kwa kufuata kilichoandikwa kwenye faili), na kabla mabadiliko hayajaenda AWS, yaani seva za kukodi za Amazon, yanapita kwenye programu moja ya kulipia. Kazi yake ni kusoma faili hizo na kukuonyesha wapi mfumo utakuja kuwa mzito. Hiyo tu ndiyo kazi yake.

Siku hiyo mishahara ilikuwa imeingia. Saa tatu asubuhi mambo shwari. Saa nne haijafika, dada wa dawati la wanachama akanipigia: "Kaka, huku hali mbaya. Mtu akibonyeza salio inazunguka tu, na foleni imefika mlangoni." Nikafungua dashibodi. Prosesa ya hifadhidata haina kazi, kumbukumbu ipo ya kutosha, ila maombi ya kusoma na kuandika yamerundikana kwenye diski. Nikaangalia akiba ya kasi ya diski. Sifuri.

Diski yetu ilikuwa ya aina ambayo AWS wanaiita gp2. Hiyo hupewa kasi kwa ukubwa wake: kila gigabaiti inakupa operesheni 3 za kusoma au kuandika kwa sekunde. Yetu ni gigabaiti 100, basi haki yake ni 300. Kazi ikizidi inaruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kula akiba, na akiba iliyojaa kabisa inakufikisha kama nusu saa hivi kwa mwendo huo. Ikiisha, unarudishwa kwenye 300 zako. Siku za kawaida huwezi kujua, maana usiku akiba inajijaza yenyewe. Siku ya mishahara ndiyo unajua.

Na hiyo gp2 hakuna aliyeichagua. Faili letu halikuwa na mstari wa aina ya diski, na kwa kuuacha mstari huo bila kutaja na kasi, gp2 ndiyo tuliyopewa. Mstari mmoja wa kuomba gp3, aina iliyokuja baada yake, ungetupa 3,000 muda wote, kwa ukubwa uleule, bila habari za akiba. Kosa la kuuacha ni letu, nakubali. Lakini tulikuwa tunalipa kila mwezi ili mtu atuambie kosa la namna hiyo.

Nikarudi kwenye ripoti yao. Alama 94. Maonyo mawili mekundu: seva haina lebo ya idara, na jina la kitu fulani lina herufi kubwa. Hifadhidata, tiki ya kijani.

Nikafungua tiketi ya malalamiko kwao, nikaweka faili, nikaweka na grafu. Baada ya siku kama mbili likaja jibu: "Ndugu mteja, programu yetu hukagua kilichoandikwa kwenye faili. Asante." Tiketi ikafungwa. Jamani, kilichoandikwa nakiona kwa macho yangu! Ninachohitaji kuonyeshwa ni kile nilichokiacha bila kukiandika, kwa sababu huko ndiko uzito unakojificha. Nikawajaribu tena kwa makusudi: Lambda (huduma ya AWS ya kuendesha kipande cha programu bila seva yako) isiyotajwa kumbukumbu, ambayo hupewa megabaiti 128, na kwenye Lambda nguvu ya prosesa inafuata kumbukumbu. Tiki ya kijani tena.

Nisiwaonee lakini. Miezi kadhaa nyuma programu hiihii ilitukamatia jambo kubwa. Tulinakili faili la mradi wa zamani, seva zikawa Cape Town na hifadhidata ikabaki Ireland, yaani kila swali la seva kwa hifadhidata linavuka bara zima kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja ulikuwa na maswali kama arobaini. Ilituonyesha hadi namba ya mstari. Tungekaa tunalaumu mtandao mpaka leo. Niliisifia kwa kila fundi ninayemfahamu, na wawili wakaenda kuilipia. Kwa hilo pekee nilikaa hapa nikiwa nimeshabonyeza nyota tatu.

Halafu nikamkumbuka mzee mmoja siku ile, fomu ya mkopo wa ada mkononi, amesimama kaunta hadi saa saba mchana. Alikuwa amepewa hadi siku hiyo kulipa. Nyota tatu nimezifuta, nimeweka moja. Pengine moja ni ukali, kwa sababu ule mradi wa Cape Town walitusaidia kweli. Wangenijibu tu "tumeliona, tutaliongeza", hata kama hawana tarehe, ningewapa nne.

Diski sasa ni gp3. Tiketi nimeifungua upya mara mbili, na mara zote mbili nimekuta wameandika "imetatuliwa".