Vali ya Chhabra: bei ndogo, kazi ile ile

Mtoto mwenye kichwa maji huwekewa mpira unaopita chini ya ngozi na kuteremsha maji ya ubongo hadi tumboni. Wahudumu huuita shanti. Vali yake ndiyo inayoamua maji yatoke lini, na kwenye vali ndiko bei zinakoachana mno.

Chhabra hutengenezwa India. Mwaka 2005 Benjamin Warf, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alichapisha matokeo ya watoto 195. Wapo waliowekewa Chhabra ya takribani dola 35 za Marekani, na wapo waliowekewa vali nyingine, Codman-Hakim, ya takribani dola 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana kati yao. Tunaipendekeza Chhabra bila kusita, ila inataka mikono makini.

Pakiti ifunguliwe dakika ya mwisho. Mpira usilazwe juu ya kitambaa, kwa kuwa silikoni hunasa nyuzi na vumbi. Uzamishe kwenye bakuli la salaini (maji safi ya chumvi). Sukuma salaini kwa sirinji, polepole, mpaka viputo viishe. Hewa ikibaki ndani, hata vali isiyo na kasoro itaonekana imeziba. Mshale uelekee tumboni: vali iliyogeuzwa haipitishi kitu. Viungio vifungwe kwa uzi usioyeyuka, ukazwe bila kukata silikoni. Kisha, kabla ya kuingiza ncha ya chini tumboni, subiri uone matone yakidondoka yenyewe. Yasipodondoka, rekebisha hapo hapo. Ngozi ikishafungwa, ni upasuaji mwingine. Acha mpira wa ziada tumboni, sentimita 30 au zaidi, maana mtoto atarefuka.

Kasoro yake kubwa ni kwamba presha inayoifungua haibadilishwi kutoka nje. Ukiweka ya chini kwa mtoto aliyehitaji ya wastani, maji hutoka kupita kiasi, utosi hudidimia na damu inaweza kuvilia juu ya ubongo. Kuziba ni suala jingine, na mara nyingi vali husingiziwa: kinachoziba zaidi ni ncha ya ubongoni, tishu inayotengeneza maji inapoota ndani ya matundu yake. Mtoto akiwa bado na usaha kwenye maji ya ubongo, asiwekewe mpira mpaka yawe safi.

Hizo za bei kubwa nazo huharibika. Jaribio la mwaka 1998 lililolinganisha vali za aina tatu lilikuta karibu mipira 4 kati ya 10 imeshindwa ndani ya mwaka.

Ndiyo maana, kwa mtoto anayeishi mbali na chumba cha upasuaji, tungeuliza kwanza kama mpira unaepukika. Warf aliunganisha kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo kwa endoskopu (kamera nyembamba) na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Jaribio la Uganda lililochapishwa mwaka 2017, kwa watoto wachanga 100, halikupata tofauti ya maana katika ukuaji wa akili kati ya njia hiyo na mpira baada ya miezi 12. Tundu lililotobolewa nalo huweza kuziba, hasa katika miezi 6 ya mwanzo: kichwa kipimwe kwa tepu kila kliniki, na utosi uguswe mtoto akiwa ameketishwa na ametulia, kwani akilia huvimba hata akiwa mzima.