onX Hunt kwenye vinamasi vya Wisconsin: mpaka inakuonyesha, dume utamtafuta mwenyewe

Kwa wenye haraka: onX Hunt ni programu ya simu ya ramani kwa wawindaji; nunua, chukua toleo la jimbo moja, mengine yote ni anasa. Sasa kwa wenye muda.

Mimi ni mtu wa Ukerewe, naishi Milwaukee, jiji la jimbo la Wisconsin, Marekani. Nawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde. Sina shamba, sina shemeji mwenye shamba, kwa hiyo nawinda kwenye ardhi ya umma pamoja na walalahoi wenzangu. Na ardhi ya umma iliyo jirani na jiji kubwa hukanyagwa na kila mwenye buti. Ndiyo maana dume aliyekwisha kupona misimu kadhaa ya mishale na risasi haonekani tena msituni. Amehamia matopeni, kwa sababu anajua binadamu hapendi kulowa. Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria hatushangai: nzohe naye huishi hivyo hivyo ndani ya mafunjo, na akibanwa huzama akabakiza pua.

Nimeitumia onX zaidi pale Horicon, kaskazini-magharibi mwa Milwaukee. Ni kinamasi cha ekari zipatazo 33,000, matete mpaka macho yanachoka. Sehemu ya kaskazini, kama theluthi mbili hivi, ni hifadhi ya serikali kuu. Theluthi ya kusini ni ya jimbo, chini ya idara ya maliasili tunayoiita DNR. Kila upande una kanuni zake, na mpaka baina yao haujachorwa kwenye maji. Pembezoni kuna mashamba ya mahindi na soya ya watu binafsi, na sheria ya Wisconsin haimlazimishi mwenye shamba kuweka kibao. Ukiingia kwake bila ruhusa umevamia, kibao kiwepo kisiwepo.

Hapo ndipo programu hii inapokula pesa yako kwa halali. Kampuni ilianzia Montana mwaka 2009 kwa kuuza ramani za mipaka za kuchomeka kwenye vifaa vya GPS, na mpaka umebaki kuwa ndiyo kazi inayoifanya vizuri kuliko zote. Ardhi ya umma ina rangi yake, ya mtu binafsi ukiigusa inatoa jina la mmiliki, na doti ya mahali ulipo inatembea katikati. Unapokuwa ndani ya matete yaliyokupita kimo, huoni hata mti wa kukuelekeza, ile doti ni rafiki. Pakua ramani ya eneo lako ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi, maana huko ndani mtandao ni wa kubahatisha. Na simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili: baridi ya Novemba inamaliza betri huku unaangalia.

Lakini swali la watu wengi si mpaka. Swali ni: je, itanionyesha dume analala wapi? Haitakuonyesha. Hakuna programu ya kufanya hivyo, na atakayekuambia ipo anakuuzia kitu. Itakupa picha, kazi ya kuisoma ni yako, na kwenye kinamasi kusoma kwenyewe kuna namna yake.

Kwanza zima mistari ya miinuko. Milimani ina maana, ila hapa ardhi ni bapa, na kile kimwinuko cha nusu mita kinachomfanya mnyama alale pakavu hakionekani kwenye mstari wowote. Baki na picha tupu ya satelaiti, ukuze. Matete hutoka rangi ya mchanga, laini, mahali pote sawa. Vichaka vya mierebi hutoka vyeusi kidogo, vyenye mabongemabonge. Ukiona vilele vya miti mikubwa vya mviringo katikati ya hayo yote, hicho ni kisiwa, maana mti mkubwa hausimami muda mrefu kwenye maji ya kina. Watu wengi wakishaona kisiwa wanaishia hapo. Wanaweka alama katikati yake, wanakwenda kukaa, wanarudi wanalalamika.

Dume halali katikati. Hulala kwenye ncha, pale ambapo aina mbili au tatu za mimea zinakutana: matete, mierebi na miti. Tena si ncha yoyote. Huupa upepo mgongo, ili pua ilinde nyuma kwenye miti ambako haoni, na macho yalinde mbele kwenye uwazi ambako upepo haumletei kitu. Kwa hiyo upepo wa kaskazini-magharibi, ambao ndio wa kawaida huku baada ya baridi kuingia, unamsukuma kwenye ncha ya kusini-mashariki. Upepo ukigeuka, naye anahama. Ndiyo sababu kisiwa kimoja mimi nakiwekea alama kadhaa, kila moja imeandikwa upepo wake. onX inakuruhusu kuiambia kila alama upepo gani unaifaa, na asubuhi ukifungua unaona ipi iko sawa leo. Hiki kipengele peke yake ningekilipia.

Angalia pia sehemu za karibu kabisa: kichaka kidogo cha mierebi mita mia moja tu kutoka maegesho, kisichomvutia mtu. Wawindaji wote hukipita wakienda mbali. Dume aliyelala hapo anasikia kila mlango wa gari unavyofungwa na anajua nani kaingia. Nimeanza kuwaheshimu sana wanyama wa namna hii.

Kinachofuata ni njia ya kuingia, na hapa chombo cha kupima umbali kilichomo kwenye programu kinafanya kazi usiku mezani. Dume mkubwa huchelewa kuamka. Mara nyingi saa za kisheria za kupiga zinakwisha bado hajatoka nje ya matete. Ukikaa pembeni mwa shamba la mahindi utaona majike na vijana wake tu. Inabidi ukae karibu na anapolala, kama yadi mia hivi, bila kukusikia. Na maji yana umbea: kila hatua yako inatangazwa. Kwa hiyo natafuta kwenye picha mfereji au kijito kinachopita upande upepo unakokwenda, naingia kwa mtumbwi polepole, siachi harufu ya unyayo. Jioni kukiwa kumetulia, hewa iliyopoa hushuka kuelekea majini, nayo hubeba harufu yako hata kama mshale wa upepo kwenye simu unasema vingine. Utabiri ule ni wa eneo zima, haujui kisiwa chako. Beba unga kidogo kwenye chupa, upulize hewani, uone mwenyewe.

Picha ya angani, ya kampuni yoyote ile, haikuambii kina cha maji. Horicon maji hupandishwa na kushushwa kwa makusudi ili kutunza makazi ya ndege, hivyo mahali palipoonekana pakavu siku picha ilipopigwa panaweza kukufika kifuani leo. Dawa yake ni kwenda kwa miguu Machi, msimu umekwisha, theluji inayeyuka, matete yamelala. Ndipo utaona vijia, malalo yenye manyoya, miti iliyochunwa gamba kwa pembe. Kila kitu unakigongea alama palepale, na Septemba alama zako zinakuwa na thamani kuliko picha. Nenda na fimbo ndefu ya kupimia matope, usiende peke yako, na barafu ya mwisho wa majira usiiamini.

Bei: toleo la jimbo moja halifiki dola 50 kwa mwaka. Lile la juu linalofungua majimbo yote lina pia picha mpya zinazosasishwa mara kwa mara, na kwa mtu wa kinamasi hizo zina faida kweli, maana maji yanabadilika. Lakini kama unawinda Wisconsin tu, hesabu haikubali. Kama huna kitu kabisa, DNR ina programu yake ya bure iitwayo Hunt Wild Wisconsin, inaonyesha ardhi za umma na saa za kuwinda. Anza na hiyo, hakuna aibu.

Kwa mgeni kabisa: ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, kozi ya usalama ya wawindaji kwanza, leseni baadaye, programu mwisho. Na kiti chako cha mtini, kwenye ardhi za DNR kusini huku, ukishuka unakiondoa siku hiyohiyo.

Nyota nne kati ya tano. Jirani yangu aliniuliza ya tano nimemnyima nani. Nikamwambia nitaitoa siku watakapoweka Kiswahili.